Kutoka Kalamu ya Karani hadi Kompyuta ya Steshenari

Karibu na ofisi nyingi za wilaya nchini Tanzania, hatua chache kutoka kwenye bango la halmashauri, kuna chumba chenye kompyuta mbili tatu, mashine ya kutoa kopi, skana na benchi la wateja. Watu hukiita steshenari. Zamani hapo paliuzwa kalamu, karatasi na bahasha. Leo kinachouzwa zaidi ni ujuzi. Anayetaka kuomba mkopo wa chuo, kuhakiki cheti cha kuzaliwa, kusajili jina la biashara au kutuma maombi ya kazi serikalini huingia, huketi, hutoa vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki, na mtu mwingine humfungulia mfumo wa serikali. Wapo wanaoiona hali hii kuwa kasoro ya mpito, itakayokwisha simu janja zikienea. Mimi naona chumba hicho kina ukoo mrefu. Kwa zaidi ya karne moja, kila dola ilipobadilisha chombo chake cha kuzungumza na raia, ilidai ujuzi mpya. Suala la nani ashiriki na nani abaki nje liliamuliwa na jambo moja: ujuzi huo uko mikononi mwa nani, na aliye nao anawajibika kwa nani.

Wajerumani walipofika pwani hawakukuta watu wasiojua kalamu. Wenyeji wa Tanga, Pangani, Bagamoyo, Kilwa na Lindi walikuwa wakiandikiana barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, za biashara, za madeni, za mirathi na za salamu. Kwa hiyo mwanzoni aliyelazimika kujifunza alikuwa mtawala. Mwaka 1887 ilifunguliwa Berlin Seminari ya Lugha za Mashariki, Kiswahili kikafundishwa humo, na Amur bin Nasur wa Unguja alikuwa mmoja wa walimu wasaidizi wa lugha hiyo. Mwaka 1892 C. G. Büttner alichapisha mkusanyo wa hati na barua za Kiswahili katika herufi za Kiarabu ili wanafunzi wa seminari wajizoeze kuzisoma kabla ya kupanda meli. Nia ya utawala ule haikuwa njema, na hakuna sababu ya kuipamba. Hata hivyo jambo hili linafaa kukumbukwa: dola ikilazimika kufanya kazi na watu wasiotumia chombo chake, inaweza kujifunza chombo chao.

Hali hiyo haikudumu. Shule ya serikali ya Tanga, iliyoanza katika miaka ya 1890, ilifundisha Kiswahili kwa herufi za Kirumi na kutoa makarani, walimu na maakida. Kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, ilipeleka madaftari na stakabadhi hadi vijijini. Taratibu herufi za Kirumi zikawa ndizo herufi za boma, yaani ofisi ya serikali. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliyeweza kutunga mashairi na kugawa mirathi kwa kalamu yake alijikuta, mbele ya dawati la serikali, hajui kusoma. Elimu yake ilikuwa vilevile; kilichobadilika ni kipimo, na hakuna aliyemfundisha kipimo kipya. Hapo ndipo mtu wa kati alipopata uzito wake. Aliyejua herufi za boma alijua pia jina lililoandikwa kwenye daftari la kodi, nyumba zilizohesabiwa na risiti iliyotolewa. Mkulima asiyejua kusoma hakuwa na njia ya kuhakiki kama kilichoandikwa ndicho alichosema au ndicho alicholipa.

Chini ya Waingereza nafasi hiyo ya karani iligeuka kuwa ngazi ya kisiasa. Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, alipanda hadi kuwa karani mkuu huko Tanga, na mwaka 1922 aliongoza kuanzishwa kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika. Mwaka 1929 ukaanzishwa Dar es Salaam umoja wa Waafrika, African Association, ambao uti wa mgongo wake ulikuwa makarani na walimu, na katika mlolongo huohuo kikazaliwa chama cha TANU tarehe 7 Julai 1954. Kwa kawaida tunasimulia safari hiyo kama habari ya uzalendo, na ndivyo ilivyo, lakini chini yake kuna habari nyingine. Waliotangulia kuzungumza na serikali kwa sauti iliyosikika walikuwa wale waliokuwa wakishika mafaili yake. Walijua barua inaanzaje, inapelekwa kwa nani na inajibiwa baada ya muda gani. Walikuwa raia kama wengine, ila wao walikuwa na ufunguo.

Mfano unaoonyesha jambo hili kwa ukaribu zaidi unatoka Meru. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu kwa ufugaji. Wakulima na wafugaji wale hawakuwa na ujuzi wa sheria za udhamini wa Umoja wa Mataifa, ambao chini yake Tanganyika ilitawaliwa, wala wa namna malalamiko yanavyoandikwa ili yafike New York. Walichofanya ni kuchanga fedha, kumtafuta mwanasheria, Earle Seaton, na kumchagua mwenzao, Kirilo Japhet, awasemee. Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini akazungumza kwa Kiswahili, na maneno yake yakatafsiriwa. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini kesi hiyo ilijulikana duniani na kuamsha siasa za Tanganyika nzima. Wameru nao walimtegemea mtu wa kati, kama mkulima aliyemtegemea karani wa boma. Tofauti ni kwamba Kirilo alitumwa na waliochanga, akarudi kwao na kutoa hesabu. Kwa hiyo kumtegemea mwenye ujuzi si aibu wala si lazima iwe hasara. Hasara huja pale mwenye ujuzi asipowajibika kwa anayemsemea.

Baada ya uhuru, dola mpya ilirithi chombo kilekile cha maandishi huku wananchi wake wengi wakiwa hawakijui. Sensa ya 1967 ilionyesha kuwa takriban asilimia 67 ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Serikali ilijibu kwa njia mbili, na zote mbili zina somo kwa zama za intaneti. Ya kwanza ilikuwa kupunguza kimo cha kizingiti. Katika uchaguzi wa 1965 wagombea wawili waliochuana katika jimbo walipewa alama, mmoja jembe na mwingine nyumba, na mpiga kura asiyejua herufi hata moja aliweza kuchagua mwenyewe, kwa siri, bila kunong'onezwa na msimamizi. Baadhi ya mawaziri walipoteza viti vyao katika uchaguzi huo. Kura ya asiyesoma ilikuwa na nguvu sawa na ya msomi kwa sababu karatasi ilitengenezwa kwa kumfikiria yeye.

Njia ya pili ilikuwa kufundisha. Katika hotuba ya mkesha wa mwaka mpya wa 1970, Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka huo kuwa wa elimu ya watu wazima, na wilaya chache, miongoni mwao Mafia, Ukerewe, Masasi na Kilimanjaro, zikapewa kazi ya kutangulia katika kufuta ujinga wa kutojua kusoma. Vitabu vya kisomo, kama madarasa hayo yalivyoitwa, havikuanza na habari za mbali. Vilihusu pamba, migomba, uvuvi na ufugaji, yaani kazi ambazo mwanafunzi alizifanya asubuhi kabla ya kwenda darasani jioni. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kikajadili, kisha kikaenda kuchimba vyoo. Redio ilikuwa teknolojia ya siku hizo, na haikuachwa ijifundishe yenyewe. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyeandaliwa. Mwaka 1974 likaanza Mwanza gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho ili waliojua kusoma wapate cha kusoma. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika walishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975 na karibu asilimia 10 mwaka 1986.

Hapa msomaji makini ana haki ya kupinga. Atasema takwimu hizo zilitoka kwa serikali iliyotaka kujisifu, kwamba wengi waliofaulu mitihani ya kisomo waliandika majina yao na si zaidi, na kwamba zama zilezile ndizo za watu kuhamishiwa kwa nguvu katika vijiji vya ujamaa. Yote hayo yana ukweli, na historia haiheshimiwi kwa kufichwa. Sensa ya 2012 ilikuta kwamba zaidi ya mtu mmoja kati ya watano wenye umri wa miaka 15 na kuendelea hajui kusoma na kuandika, hali mbaya kuliko iliyotangazwa mwaka 1986. Lakini tuangalie ni nini kilianguka. Mgogoro wa uchumi wa miaka ya 1980 ulikausha bajeti, walimu wa kujitolea wakachoka, maktaba za vijiji zikakosa vitabu na magazeti ya vijijini yakadhoofika. Ujuzi ulififia pale ulipokosa matumizi na mlezi. Hilo linatufundisha kuwa kampeni ya mara moja haitoshi. Halitufundishi kuwa watu wazima hawafundishiki, kwa maana kwa kipindi cha miaka kama 15 mamilioni yao walifundishwa.

Sasa tuje kwenye chombo cha leo. Nyaya za baharini zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, Wakala ya Serikali Mtandao ikaanza kazi mwaka 2012 na kugeuzwa kuwa Mamlaka kwa sheria ya 2019. Mwaka 2017 ulianza mfumo wa malipo ya serikali unaotoa namba ya kumbukumbu kwa kila deni, ile ambayo wananchi wameizoea kwa jina la kontro namba. Mafanikio yapo. Fedha zilizokuwa zikiishia mifukoni mwa wapokeaji sasa zinaacha alama, na mtu wa Kigoma halazimiki kupanda treni hadi Dar es Salaam kwa ajili ya muhuri mmoja. Asiyekubali hayo hajui foleni za zamani. Hata hivyo, mabadiliko hayo hayakuwa na mwaka wake wa elimu ya watu wazima. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipofikia ukomo wake Januari 2020, umma ulijifunza maana ya namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ukiwa tayari umesimama kwenye foleni, laini ikiwa karibu kufungwa.

Tuchukue ombi la mkopo wa elimu ya juu, kwa sababu linahusu vijana ambao wengi hudhani hawahitaji msaada. Mwombaji kwanza ahakiki cheti chake cha kuzaliwa kwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, kupitia mtandao. Afungue akaunti kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo kwa namba ya mtihani wake wa kidato cha nne, alipie kwa kontro namba, ajaze taarifa za wazazi, achapishe fomu, aipeleke kwa kiongozi wa serikali ya mtaa ikagongwe muhuri, kisha kwa wakili au hakimu, airudishe, aiskani na kuipakia tena mfumoni. Ombi linaloitwa la mtandaoni limepita kwenye karatasi, miguu na mihuri, na kila kituo kina ujuzi wake. Faili likizidi ukubwa unaotakiwa, mfumo unalikataa kwa ujumbe wa Kiingereza. Jina la baba likitofautiana kwa herufi moja kati ya cheti cha kuzaliwa na cha shule, kuna hati ya kiapo. Kijana anayecheza na mitandao ya kijamii usiku kucha hajawahi kufundishwa hata kimoja kati ya hivyo, na ndiyo maana naye anaishia kwenye benchi la steshenari.

Huko anakuta msaada wa kweli, tena mara nyingi wa haraka na wa upole. Ila msaada huo una bei tatu. Ya kwanza ni fedha, na humwelemea zaidi aliye na kidogo. Ya pili ni siri. Mteja asiye na barua pepe hufunguliwa moja na mhudumu, nywila huandikwa kwenye daftari la duka, na pengine namba ya simu inayowekwa ni ya mhudumu ili ujumbe wa uthibitisho usichelewe. Siku mteja akihamia mji mwingine, akaunti yake ya serikali imebaki kwenye meza ya mtu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini sheria haiwezi kumlinda anayeitoa nywila yake kwa hiari kwa sababu hana njia nyingine. Bei ya tatu ndiyo ndefu kuliko zote: mteja huondoka na huduma bila kuondoka na ujuzi. Mwakani atarudi, na mwaka unaofuata. Mhudumu hana sababu ya kibiashara ya kumfundisha, wala hatuna haki ya kumlaumu, maana hakuajiriwa kuwa mwalimu.

Pingamizi kubwa zaidi ni la pesa za simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na leo bibi asiyejua kusoma vizuri hupokea na kutuma fedha bila semina yoyote. Kama watu walijifunza hilo wenyewe, kwa nini wasijifunze na haya? Jibu ni kwamba hawakujifunza wenyewe. Walifundishwa na wakala, mtu aliyekaa mtaani kwao, anayezungumza lugha yao, na anayelipwa kamisheni na kampuni. Kampuni za simu zilielewa kuwa ujuzi wa mteja ni sehemu ya gharama ya huduma, zikaugharamia. Pili, pesa za simu hutumika kila siku, kwa hatua chache zilezile, katika menyu fupi ya Kiswahili. Ombi la cheti au leseni huja mara moja kwa miaka, na kila taasisi ina mpangilio wake. Mfano huo, ukitazamwa vizuri, unaunga mkono hoja yangu: teknolojia ilienea kwa kasi pale mwenye mfumo alipomlipa mwalimu.

Wengine husema tusubiri, kizazi kipya kitakuja na ujuzi wake. Kenya inatuonyesha kwa nini kusubiri hakutoshi. eCitizen, mfumo wake wa huduma za serikali mtandaoni, ilianza mwaka 2014, na Juni 2023 serikali ilitangaza kuwa huduma 5,000 zimewekwa humo. Nchi ile ina vijana hodari wa teknolojia, na wateja wa pesa za simu wengi kuliko nchi nyingi duniani. Bado kila Juni inapokaribia kwisha, siku za mwisho za kuwasilisha ritani za kodi kwenye mfumo wa iTax, saiba, yaani maduka ya intaneti, hujaa watu, wakiwemo wasio na kipato chochote, kwa kuwa mwenye PIN, namba ya mlipa kodi, asipowasilisha anaweza kutozwa faini. Ni Kenya hiyohiyo iliyofungua Huduma Centre ya kwanza Nairobi mwaka 2013, mahali ambapo raia huhudumiwa ana kwa ana kwa idara nyingi chini ya paa moja, na vituo hivyo vimeendelea kuwa na wateja sambamba na eCitizen. Umri peke yake hautoi ujuzi wa kiserikali. Ujuzi huo ni kujua haki ipi inadaiwa wapi, kwa hati gani, na ufanye nini ukikataliwa, na hayo hayamo kwenye kioo cha simu.

Pingamizi la mwisho lina uzito, nami nalikubali kwa nusu. Linasema mzigo usiwekwe kwa raia. Mifumo ndiyo irahisishwe. Ni kweli, na jembe na nyumba za 1965 ni ushahidi kwamba inawezekana. Menyu ya serikali ya *152*00#, inayofanya kazi kwenye simu ya kitochi bila intaneti, imefuata njia hiyohiyo. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama Tanzania, hivyo hakuna udhuru kwa mfumo wa umma kumwelekeza Mtanzania kwa Kiingereza. Lakini urahisi una mwisho wake. Kuhamisha umiliki wa ardhi au kukata rufaa ya mkopo hakutakuwa jambo la kubonyeza mara mbili, kwa sababu jambo lenyewe ni zito. Pale mfumo unapofikia mwisho wa urahisi wake, lazima awepo mtu, na mtu huyo lazima awe wa umma.

Ninachodai kinatokana na historia hii moja kwa moja. Mhudumu wa steshenari atambuliwe, apewe mafunzo na kanuni za kutunza siri, na alipwe kamisheni kwa huduma za msingi kama alipwavyo wakala wa pesa za simu, ili asimtoze mwananchi kwa kuomba haki yake. Shule za kata, ambazo walimu wake walikabidhiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022, zifunguliwe jioni kwa madarasa ya watu wazima yanayotumia fomu halisi, kama kisomo kilivyotumia pamba na migomba. Na taasisi ziache kujipima kwa idadi ya huduma zilizowekwa mtandaoni. Zipimwe kwa idadi ya wananchi wanaomaliza ombi lao bila kumpa mtu nywila. Haya yatagharimu fedha, na yatagharimu kila mwaka, maana tumekwisha kuona kinachotokea mlezi akiondoka. Lakini nchi iliyowafundisha wakulima wake kusoma ikiwa maskini kuliko ilivyo leo haiwezi kudai kuwa kuwafundisha kuifikia serikali yao ni kazi ya mwenye duka.